Siku Walipoiua Mashine ya Mama Mdogo

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza tena. Nimeona mwizi wa pikipiki akivalishwa tairi, nikanusa. Nimechomwa kisu cha mbavu na fundi niliyemfundisha kazi mwenyewe, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nikafungua mashine kama kawaida, plasta ikiwa chini ya shati. Nina mashine saba za kusaga na kukoboa hapa Morogoro Mjini, kutoka Kihonda mpaka Mji Mpya, na shule niliishia darasa la tatu. Waliomaliza vyuo wananijia na bahasha za vyeti wakiniita bosi. Nawaambia wakae kwenye benchi wasubiri.

Kwa hiyo binti yangu Agnes aliporudi likizo kutoka chuo kikuu na simu inayojibu maswali, alipoteza muda wake. Tulikuwa tumekaa uani, nyuma ya mashine ya Kihonda. "Baba, iulize chochote," akasema. Nikamwambia aiulize kwa nini mkanda wa mashine utoe harufu ya mpira unaoungua. Ile simu ikajibu kwa Kiswahili safi, sauti ya kike: mkanda umelegea, au beringi imeshika. Kweli tupu. Agnes akanitazama usoni akingoja nishangae. Sikushangaa.

"Wenzangu chuoni wanabishana, Baba. Wengine wanasema kitu kama hiki kitafika mahali kitahesabiwa kuwa kiko hai. Wewe unaonaje?"

Kabla sijafungua mdomo, harufu yenyewe ilikuwa imefika. Nilikuwa nimeuliza lile swali kwa kuwa pua yangu ilishaanza kuipata bila kunitaarifu: mashine ya pili mkanda wake ulikuwa unaungua kweli. Nikaingia ndani nikaizima. Niliporudi nikavuta kiti karibu na Agnes.

"Swali lako niliulizwa nikiwa darasa la tatu," nikamwambia. "Nikalijibu. Jibu langu lilimkata mtu mkono."

Mtu huyo alikuwa mama yangu mdogo, Veronika. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa bado nanyonya, na Mama mdogo Vero akanibeba mgongoni siku ya mazishi na hakunitua tena. Tulikaa milimani, juu ya Matombo, mahali ambapo ukikohoa nyumbani kwako jirani wa ng'ambo ya bonde anakwambia pole. Kwetu Waluguru shamba hufuata tumbo la mama, kwa hiyo mikarafuu ya bibi ilikuja kwake, siyo kwa kaka zake. Mumewe alimwacha kwa kuwa hakuzaa. Akabaki na mimi na mikarafuu, na kwa karafuu za miaka mingi, ambazo kaka zake walimcheka kwa kuzificha chini ya kitanda, akanunua mashine ya kusaga. Ilikuwa ya kwanza kwenye ule mlima wote.

Nakumbuka ilivyopanda. Wanaume kumi na sita waliibeba kwenye miti, injini ikining'inia katikati kama nguruwe pori aliyewindwa. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza. Mmoja wao alikanyaga vibaya, uzito ukamshukia mguuni, vidole viwili vikawa uji. Hakupiga kelele. Alikaa kando ya njia akavitazama, na wenzake kumi na tano wakaendelea kupanda kwa sababu kitu kile hakikuwa cha kuwekwa chini.

Siku ya kuiwasha Mama mdogo alichinja jogoo mwekundu juu ya lile gurudumu zito la ubavuni, damu ikachirizika kwenye chuma mpaka sakafuni. Watu wa kwetu walifanya hivyo kwa kitu chochote chenye nguvu kinachoingia kijijini: unakipa damu mwenyewe, mapema, kisije kikajitafutia.

"Mama, kumbe inakunywa damu?" nikauliza.

"Leo tu. Kuanzia kesho ni dizeli."

Nikalipokea jibu hilo kama nilivyopokea majibu ya katekista, bila swali la pili. Na jinsi ile mashine ilivyokuwa, ungetaka ushahidi gani zaidi? Asubuhi ilikataa kuamka, ikakohoa, ikatema moshi mweusi, kisha mweupe, halafu ikashika pumzi yake: du, du, du, du, mlima mzima ukajua leo ni siku ya kusaga. Ilikuwa na pua ya bati upande mmoja. Ukisogeza kiganja unahisi inavyovuta hewa. Ilikunywa maji. Ilikula mahindi ya kila mtu. Jioni, baada ya kuzimwa, mwili wake ulibaki na joto mpaka saa moja, na mimi nilikuwa nauegemea mgongo nikila muwa. Mama mdogo aliifuta kwa kitambaa kilekile alichonifutia mimi uso. Ikikazana kupita kiasi aliipigapiga ubavuni, akaiambia, "Polepole, baba, polepole." Niliona wivu. Nilidhani ana watoto wawili na mimi ndiye nisiyeleta hela.

Ndipo siku moja mwalimu akatufundisha viumbe hai. Aliandika ubaoni: hula, hupumua, hujongea, hutoa taka, huhisi, hukua, huzaa. Alikuwa mtu wa pwani aliyeletwa milimani kwetu bila kupenda, na fimbo yake ya mpera ilijua jambo hilo kuliko yeye. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mashine ya kwetu iko hai."

Darasa likacheka. Nikasimama nikayataja moja moja, inakula, inapumua, inajongea, moshi ndiyo taka yake, na ukiipiga mahali pabaya inapiga kelele. Mwalimu akatabasamu. Lile tabasamu lingenitosha kama ningekuwa na akili.

"Haya, profesa. Inazaa?"

"Mama mdogo Vero naye hazai, mwalimu. Lakini yu hai."

Alinichapa sita za matakoni na mbili za miguuni nilipoanguka. Kaptura ikagandana na ngozi kwa damu. Nilitoka nje nikichechemea, na wenzangu wakanizunguka, na hapo ndipo dhambi yangu ilipo, siyo kule ndani. Ndani nilisema nilichokiona ni kweli. Nje nilikuwa nimepigwa mbele ya watu na nilitaka kurudi kuwa mkubwa. Mdomo huu wa sifa mnaousoma hapa haukuanza jana.

Aliyeniuliza alikuwa Pius, mjukuu wa mzee Damasi. "Kweli inakunywa damu?"

"Ilianza na jogoo," nikasema. "Sasa haitosheki na jogoo. Ikikohoa vile asubuhi, inadai kikubwa zaidi."

"Kikubwa kama nini?"

Nikainua mabega, kama mtu anayejua lakini amekatazwa kusema. Pius akarudi nyuma hatua moja. Utamu wa ile hatua moja sijaupata tena hata siku nilipokabidhiwa funguo za gari langu la kwanza.

Wiki ileile mdogo wake Pius, kitoto cha miaka miwili, akashikwa na degedege akafa. Alikuwa wa tatu kufa katika nyumba ile.

Walikuja Jumamosi, jua limeshapanda, siku ya kusaga. Akina mama walikuwa kwenye foleni na madebe yao. Mimi nilikuwa ndani nashikilia mdomo wa gunia. Niliona kwanza miguu, mingi, ikikanyaga matuta ya viazi badala ya njia. Mzee Damasi alikuwa mbele na shoka, nyuma yake vijana kama kumi na watano na mapanga na mitalimbo. Hawakuwa wakipiga kelele. Kelele zingekuwa afadhali.

Mama mdogo akafuta unga usoni, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. "Shikamoo, babu Damasi."

Hakuitikia. Sikuwahi kuona mzee akiacha shikamoo ianguke chini. Nikahisi mkojo unanishuka mguuni.

"Zima jini lako, Vero."

"Kuna debe la mtu ndani, babu. Nalimalizia."

"Umelipa hilo dude tumbo lako, tukanyamaza, ni lako. Tumbo lilipokwisha ukahamia matumbo ya wenzio. Watatu! Watatu nimezika!"

"Nani kakwambia maneno hayo?"

"Watoto wanajua! Shule nzima inajua, ni mimi tu mjinga!"

Nikarudi nyuma ya magunia. Ningeweza kutoka nikasema: babu, nilidanganya mimi, ni sifa zangu tu. Maneno saba. Nimeyahesabu mara nyingi. Nilikaa palepale nikanusa mahindi.

Kijana mmoja akamshika Mama mdogo bega, naye akampiga na kopo la kupimia mahindi katikati ya pua, nikasikia linavyolia. Wakamwangusha. Wakamkanyaga mgongoni, mmoja akamkokota kwa miguu mpaka nje, kichwa chake kikigonga kizingiti. Alikuwa hapigi yowe. Alikuwa anawaambia, "Msiiguse inapokimbia! Jamani, msiiguse inapokimbia!" Na wao wakadhani anaitetea.

Wangeweza kufunga mafuta tu. Koki ilikuwa pale, hata mimi nilikuwa naijua. Lakini hakuna aliyekuja kuzima injini, walikuja kuua. Mzee Damasi akainua shoka akapiga mahali alipoona panachezacheza, alipodhani ni moyo. Pale ndipo penye kile kifaa tunachokiita gavana, kinachoishikilia injini isikimbie kuliko inavyostahili. Leo ningeweza kukichora kwenye vumbi nikiwa nimefumba macho. Alikivunja, mafuta yakabaki yamefunguka yote, na mashine ikaanza kukimbia.

Ilipanda sauti kama kitu kilichoumizwa. Du-du-du ikawa mlio mmoja mrefu. Mabati yakatetemeka, misumari ikaanza kutoka juu kutuangukia, moshi mweusi ukajaa, na ile harufu, mpira unaoungua na unga unaoungua, ikaingia kooni. Damasi akapiga tena, koki nayo ikapinda. Mkanda ukaruka kwenye puli ukamchapa usoni. Mkanda wa mashine ni mpana kama kiganja na mzito kama nyoka aliyeshiba. Ulimtoa jicho la kushoto na ukalipasua taya, na damu yake ikarukia ukuta mzima na kwenye lundo la unga mweupe.

"Imemla! Imemla!"

Wakakimbia wote, mashujaa wale, wengine wakapita ukutani. Wakamwacha mzee wao sakafuni anatapatapa. Na mashine, bila mkanda, bila mzigo, ikazidi. Msingi wa saruji ukapasuka. Nilijua, jinsi mtoto anavyojua, kwamba ikimaliza pale itakuja nyuma ya magunia kunitafuta mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeisemea kwamba ina njaa.

Mama mdogo ndiye aliyeingia. Uso umejaa udongo na damu, mguu mmoja anauburuta. Alimpita Damasi, akavua khanga ya juu, akaikunja mara nne, akaisogelea mashine kutoka ubavuni na kuiziba pua kwa mikono miwili. Kwa injini ya namna ile, mafuta yakigoma kufungwa, hiyo ndiyo dawa pekee: unainyima hewa. Lakini mimi nilichoona ni mtu anamziba mtoto wake pumzi. Mashine ikavuta, ikavuta, khanga ikazama ndani ya bati, sauti ikaanza kushuka, ikakwama, ikashtuka, ikashuka tena. Mama mdogo alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Polepole, baba. Sikuisikia, lakini niliisoma.

Ilikuwa imebaki mizunguko michache tu. Ncha ya khanga iliyokuwa ikining'inia ikashikwa na gurudumu. Gurudumu zito halisimami kwa sababu injini imekufa. Likaizungusha khanga, khanga ikauvuta mkono wa kulia, na mkono ukavunjika mara tatu kwa mlio ninaoujua hadi leo, mlio wa muwa unaovunjwa kwenye goti.

Kisha kimya. Akina mama wakarudi kabla ya wanaume. Walimkata khanga kwa kisu cha jikoni, wakamlaza yeye juu ya mlango uliong'olewa na Damasi juu ya benchi, wakawashusha pamoja misheni, na kutoka huko gari likawapeleka hospitali mjini. Nilibaki peke yangu na mashine. Nikaweka kiganja ubavuni mwake. Ilikuwa ya moto, kisha ya vuguvugu, na ndani yake kitu kilikuwa kinalia kidogokidogo, tik, tik, tik, kila kimoja kikichelewa kuliko cha kwanza. Leo najua ni chuma kinapoa. Siku ile nilijua inakata roho, na nilikaa nayo hadi mwisho kwa kuwa nilimwona katekista akikaa hivyo na wagonjwa.

Vijana walirudi alasiri, ilipokuwa baridi kabisa. Walikuja na nyundo kubwa, na safari hii walipiga kelele. Waliivunja miguu, wakaipasua tangi, oili nyeusi ikamwagika na mmoja akaruka pembeni isimguse. Waliisukuma vipandevipande kwenye genge, ikaporomoka bondeni. Nimefungua injini nyingi kuliko daktari alivyofungua matumbo, sijakuta roho ndani hata moja. Lakini sura za vijana wale niliziona. Mtu anayevunja chuma hana sura ile.

Mama mdogo alikatwa mkono juu ya kiwiko. Damasi alipona akabaki na jicho moja. Sisi tukashukia mjini, yeye akauza vitumbua kwa mkono mmoja, mimi nikaacha shule nikaingia gereji, na mengine mnayaona: mashine saba, na nyumba ya vigae niliyomjengea kulekule Kihonda, yenye bomba ndani. Kila tofali niliweka nikijiambia tumemalizana.

Nilipomaliza kusimulia, Agnes alikuwa ameizima simu yake. "Baba," akasema, "Bibi Vero anajua ni wewe?"

Nilikwenda siku hiyohiyo. Mama mdogo alikuwa barazani na chai yake.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Unakuja saa za kazi. Nani kafa?"

Nikamwambia. Ya darasani, ya nje ya darasa, ya magunia. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye maneno saba ambayo sikuyasema, kikombe kikanipata hapa juu ya nyusi, chai na vyote. Nilishonwa nyuzi nne.

"Mbwa wewe," akasema. Kisha akatazama juu, kwenye vigae, mimi damu inanidondokea shati. "Na hii nyumba. Vigae, bomba. Kumbe unanihonga kwa kesi ambayo hujanisomea."

"Nisamehe, Mama. Sema lolote, nitalipa. Mkono wako…"

"Mkono wangu nani kauzungumzia? Mkono una mwenzake, huu hapa, umekupasua sasa hivi. Yule wa kule mlimani alikuwa mmoja." Midomo ilimtetemeka, na mimi ambaye sikuwahi kumwona akilia tangu utoto wangu nikatazama chini. "Mlimuua akiwa ananisikiliza. Nirudishie."

"Nitakuletea ya mota. Ya umeme, mpya, haina hata kelele."

"Sitaki kitu kisichopumua."

Tukaenda dukani pamoja, mimi na bendeji, yeye na khanga ya msibani. Muuzaji, kijana wa siku hizi, akamwonyesha injini ya dizeli na kinu chake, zimepakwa rangi ya kijani. Mama mdogo akaizunguka, akaitafuta pua, akaipata.

"Iwashe nimsikie."

"Bibi, hii mpya, iko ndani ya dhamana. Hatuwashi dukani."

"Mtoto hajalia, wewe unaniambia mzima?"

Kijana akanitazama mimi. Nikamwambia aiwashe. Akamimina dizeli kidogo, akazungusha hendeli mara ya kwanza, mara ya pili. Ikakohoa. Ikatema moshi mweusi, kisha mweupe, wateja wakakimbilia nje wakilalamika, halafu ikashika pumzi. Mama mdogo akaweka kiganja chake mbele ya ile pua ya bati, karibu lakini si karibu sana, akasimama hivyo, khanga yake ameibana kwapani isiguse chochote.

"Huyu," akasema.

Mimi hupunguziwa bei hata ya jeneza. Siku ile kijana alitaja bei, nami nikahesabu noti bila kufungua mdomo: shilingi milioni sita, laki nne na elfu sabini na tano.